Zawadi gani ya bustani inamfaa mtoto wa miaka 8 anayependa kupanda? Wazoefu njooni

Shangazi wa Kibada:

Wakuu habari za leo. Nina mtoto wa kaka yangu yuko darasa la tatu, wanakaa Kibada huku Kigamboni. Huyu mtoto tangu ameanza kutembea ni yeye na udongo, ukimpa embe akimaliza kula kokwa anaenda kulifukia, mama yake akikata nyanya jikoni anaomba zile mbegu. Sa hivi kajaza udongo kwenye kopo la maziwa ya unga, kapanda maharage aliyookota wakati bibi yake anachambua, na yameota, asubuhi kabla gari la shule halijaja lazima aende kuyaangalia kwanza ndo anywe chai. Birthday yake ni mwezi wa kumi na sitaki tena kumpelekea gari la betri ambalo kesho limeharibika.

Nimezunguka madukani nimekuta zile seti za plastiki, kareki, kakoleo na kandoo vya rangi rangi, nimeshika ile reki nikaona kabisa ikikutana na kifusi cha pale kwao inakatika siku hiyo hiyo. Bajeti yangu ni elfu hamsini hivi, naweza kuongeza kidogo. Nyuma ya nyumba kuna kieneo si kikubwa, maji ni ya kisima, na kuku wa jirani wanaingia wanavyotaka. Naomba ushauri kwa wazazi, mabwana shamba, walimu, yeyote aliyewahi kumlea mtoto wa hivi. Nataka kitu cha kumkuzia hili penzi lake.

Bwana Shamba Moro:

Dada hongera sana kwa kuliona hilo, maana watoto wengi wanaambiwa acha kuchezea udongo unajichafua na habari inaishia hapo. Mi kazi yangu ni bustani za mboga, nakuja na maelezo marefu kidogo nivumilie.

Zawadi ya kwanza haiuzwi dukani, ni eneo. Kaa na kaka yako na wifi yako mkubaliane mtoto apewe tuta lake. Urefu mita moja na nusu panatosha kabisa, upana usizidi sentimita 80 ili mkono wake ufike katikati akiwa amechuchumaa pembeni, asikanyage udongo wa ndani maana ukikanyagwa unashikana na mizizi inapata shida. Alafu hilo tuta liwe lake kweli. Akiamua kupanda alizeti tupu ni alizeti tupu. Mboga zikikomaa mtu mzima asichume bila kumwomba, hili nalisisitiza kwa sababu nimeona mtoto kaamka amekuta mchicha wake wote uko kwenye sufuria na tangu hapo hakugusa tena bustani.

Ya pili ni mbegu, na hapa ndo watu wengi wanapopotea wananunua kwa picha ya kwenye pakiti. Mtoto wa miaka 8 anahitaji kuona kitu kinatokea ndani ya wiki, la sivyo anakata tamaa. Mchicha unaota siku ya 3 mpaka ya 5, na wiki ya 3 au ya 4 anachuma. Kunde nayo inaota haraka na majani machanga yanachumwa kwenye wiki ya 3 au 4. Figili ile ya mviringo nyekundu ni kama mwezi mmoja tu, na kuing'oa kwake ni raha maana hajui ndani ya udongo kuna ukubwa gani. Bamia inaanza kutoa kwenye siku 50 mpaka 60 lakini kabla ya hapo ana ua la njano lenye jicho jekundu lililokolea katikati, watoto wanalipenda sana lile ua. Alizeti ni miezi miwili na kitu mpaka ichanue, hiyo muwekee kwa ajili ya urefu, awe anajipima nayo.

Nyanya muache kwanza. Najua ndo wote tunaikimbilia, ila nyanya ina kitalu wiki 3 au 4, kuna kuhamisha, kuna kuisimamishia miti na kuifunga, kuna mnyauko, kuna mdudu anaitwa kantangaze anaingia kwenye majani mpaka kwenye tunda. Mtoto aanze na vitu vinavyomkubali, nyanya aje nayo msimu wa pili akiwa ameshashika mkono.

Ya tatu, TAFADHALI dada hili usilipite. Ukifungua pakiti ukakuta mbegu zina rangi ya pinki, nyekundu, buluu au kijani cha kung'aa, hiyo siyo rangi ya mbegu, ni dawa imepakwa kuzuia kuvu na wadudu. Ni kawaida sana kwenye mahindi, na utaikuta pia kwenye maharage, matango, matikiti na mbegu nyingi za chotara. Mtoto anashika kwa vidole, baadaye anakula embe na vidole hivyo hivyo, wengine wanatia mdomoni kabisa kwa sababu zinavutia macho. Mwambie mwenye duka la pembejeo nataka mbegu ambazo hazijapakwa dawa, ni za mtoto, na usome nyuma ya pakiti. Ukiwa hapo hapo angalia lebo ya TOSCI, wale wanaothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho wa matumizi, na usinunue mbegu zilizoanikwa juani kibarazani kwa muuzaji hata kama tarehe haijafika, joto linaziua.

Shangazi wa Kibada:

Bwana shamba Mungu akubariki. Hilo la mbegu za rangi sikuwa nalijua kabisa, na nilishashika pakiti ya mahindi mazuri ya pinki nikijua yatamfurahisha! Kuhusu vifaa je? Au anunuliwe tu jembe la kawaida akue nalo?

Mama Pacha Nai:

Habari kutoka Nairobi. Usimnunulie jembe la mtu mzima akue nalo, mtoto anainua kitu kizito kuliko nguvu zake na mguu uko hapo hapo chini. Na plastiki umesema mwenyewe. Mimi niliwaendea mafundi wa Kamukunji, wale jua kali wa vyuma, nikawaambia nataka kijembe na reki ya meno matano, mpini ufike kwenye kiuno cha mtoto. Wakatengeneza na wakapiga tupa zile kona zote zisikate. Kwenu Dar si mko na Gerezani? Nenda na kamba uliyompimia mtoto kutoka chini mpaka kiunoni, usikadirie kwa macho. Na mpini uguse kwa kiganja chako kabla hujalipa, upite mkono juu chini, ukisikia kibanzi rudisha apige msasa tena.

Kitu kingine ni maji. Lita moja ni kilo moja, kwa hivyo ile keni ya lita 10 ikijaa ni kilo 10 na mtoto wako wa darasa la tatu pengine ana kilo 25. Ataiburuta, atamwaga yote mahali pamoja, mbegu zitafukuka. Tafuta keni ya lita 2 au 3 yenye kichwa cha matundu madogo madogo. Kama huipati, chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko ukitoboe na sindano nene iliyopashwa moto, inanyunyiza vizuri hata kuliko za dukani na ikipotea anatengeneza ingine mwenyewe.

Glavu usipoteze pesa, za size yao ni nadra na wanazivua dakika ya pili. Gambuti ndiyo ununue. Na uulize kama amechanjwa pepopunda, kifusi kina misumari na vigae.

Huku kwetu 4K Club zilirudishwa mashuleni 2021, ile Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na tangu wangu waingie wananiambia mimi nimwagilie saa ngapi. Kwa hivyo pia uliza shule yake kama wana kishamba, mtoto akipata mwenzake wa kulinganisha naye mimea inamwongezea moto.

Mjomba Ughaibuni:

Wadau, mimi niko Manchester na nina mpwa wa hivyo hivyo yuko Tanga. Huku kuna maboksi mazuri sana ya watoto, ndani kuna pakiti kama kumi za mbegu, vidonge vya udongo vinavyovimba ukitia maji, na vijichungu. Naja mwezi wa kumi na mbili, nimwekee tu kwenye begi si sawa?

Bwana Shamba Moro:

Mkuu usiweke. Mbegu haziingii nchini kienyeji, zinataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka huko zinakotoka, na wanaosimamia hapa ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Hata kapakiti ka mtoto ni mbegu. Sababu yake ni ya msingi, magonjwa na wadudu wanasafiri ndani ya mbegu na udongo, na tayari tunahangaika na kantangaze na viwavijeshi vamizi ambao hapa kwetu hawakuwepo. Na hata zingepita, mbegu nyingi za kwenye maboksi hayo zimechaguliwa kwa ajili ya majira ya huko, Tanga mwezi wa kwanza zinaungua.

Ukitaka kuleta kitu cha huko leta kioo cha kukuzia, kile kidogo cha kukunja kinachokuza mara 10. Mpe mpwa wako akakiweke chini ya jani la kunde, akione wale vidukari wanavyofyonza na sisimizi wanavyopanda kuwafuata, hapo umempa bustani ya pili ndani ya ile ya kwanza.

Mjomba Ughaibuni:

Nimekupata mkuu, ahsante. Kioo nimeshakiagiza.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:

Assalaam alaykum wanangu. Nawasoma kutoka Unguja. Yote mlosema ni mazuri lakini mnampa mtoto vitu vya mwezi mmoja tu. Miye naona zawadi iwe vitu viwili pamoja, cha upesi na cha kungoja. Mchicha ale leo, na mti akue nao.

Mti wa kumpa usiwe wa kokwa analofukia, muembe wa kokwa unaweza kukaa miaka sita, minane, haujazaa. Nenda kwenye kitalu umtafutie muembe wa kubebesha, huo miaka mitatu minne unaanza kuzaa, na matunda yanakuwa ya mama yake huo mti, huotei. Kwenye kile kidonda cha kuunganishia mwonyeshe mtoto, mwambie chini mti mwengine juu mti mwengine, na likitoka chipukizi chini ya pale alikate, maana hilo ni la ule mti wa chini na litaula wa juu. Kama hakuna nafasi ya muembe basi mpapai, huo mwaka hauishi umeshazaa, ila panda miche mitatu shimo moja kwa sababu mingine hutoka madume, ikitoa maua utaijua, dume maua yake yananing'inia kwenye kikonyo kirefu, hapo ubakishe jike au ule wenye yote mawili.

Na cha kuanzia mkono, matembele. Kata kipande cha shina lake linalotambaa urefu wa mkono, mtoto akichomeke udongoni vifundo viwili vitatu vizame, wiki haiishi kimeshika. Sijaona mtoto aliyeshindwa na matembele.

Na katika kuchagua maua muangalie. Mnyonyo usiwe karibu na watoto, mbegu zake nzuri za madoadoa ni sumu kali sana. Mnyaa utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Waridi la jangwa, hili wanalouza kwenye vyungu vya mapambo, utomvu wake nao ni sumu. Mpe asmini, anuke vizuri na asidhurike.

Shangazi wa Kibada:

Shikamoo bibi, nimekusoma mpaka nimeandika kwenye daftari. Cha upesi na cha kungoja, nimeipenda sana hiyo.

Bwana shamba nina swali, yale maharage yake ya kwenye kopo majani yameanza kukauka kwa pembeni, rangi ya kahawia kama yameungua, na anamwagilia kila siku mpaka yanatota. Mtoto ana wasiwasi. Maji ya kisima chao yana kachumvi kidogo ukiyaonja.

Bwana Shamba Moro:

Hapo umenipa jibu kabla sijauliza. Mambo mawili. La kwanza ligeuze kopo uangalie chini kama lina matundu, nakuhakikishia makopo mengi ya maziwa wanayatumia hivyo hivyo, maji yanakaa chini mizizi inakosa hewa. Toboa matundu matano sita kwa msumari, kazi hiyo afanye mtu mzima. La pili ni chumvi, na maharage ni katika mazao yanayoshindwa mapema kabisa na maji ya chumvi, pembeni ya jani kuungua ndo dalili yake. Akimwagilia kidogo kidogo kila siku kwenye kopo lisilotoka maji, maji yanaenda hewani chumvi inabaki, inajirundika. Mtoto hajakosea kitu, amepewa maji ya chumvi, mwelezeni hivyo.

Sa kwa pale Kibada ushauri wangu unabadilika. Maharage mengi msimpe, na karoti na vitunguu navyo vinasumbuka na chumvi. Spinachi inavumilia vizuri sana, hiyo iwe ya kwanza. Kunde inavumilia kuliko maharage. Mchicha unakwenda. Mti wa kungoja, kama eneo lipo, mnazi hauna ugomvi na maji hayo, kuna ile minazi mifupi inaanza kuzaa mapema kuliko minazi yetu mirefu. Muembe uliosema bibi sawa ila miaka ya mwanzo upate maji ya mvua. Na umwagiliaji uwe wa kushiba alafu unaacha, siyo kuonjesha kila siku, na amwage kwenye udongo asinyeshee majani. Tena hapo kwenye bajeti yako weka ndoo moja kubwa yenye mfuniko ya kukinga maji ya mvua kwenye paa, iandikwe jina lake. Mfuniko ni lazima, mbu na usalama, mtoto mdogo akitumbukia kichwa hata kwenye ndoo ni hatari.

Mwalimu wa Sayansi:

Naongezea hapo kwenye mvua. Mtengenezeeni kipima mvua, kata chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, sehemu ya juu igeuze iwe faneli ya kuingizia, chini jaza changarawe na maji mpaka usawa, hapo ndo sifuri, bandika rula ubavuni. Kila asubuhi anasoma milimita anaandika kwenye daftari. Alafu mwambie milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita moja ya mraba. Tuta lake la mita moja na nusu kwa sentimita 80 ni mita 1.2 za mraba, kwa hiyo ikinyesha milimita 10 tuta limepata lita 12, ni keni zake ndogo sita za lita mbili mbili, leo asimwagilie. Mtoto wa darasa la tatu anayeona hesabu ikimpunguzia kazi ya kubeba maji hatakuja kuichukia hesabu.

Kwa hiyo kwenye zawadi weka daftari gumu lenye kurasa za mistari na za kuchorea. Achore jani la kwanza linalotoka, atagundua mwenyewe yale mawili ya mwanzo hayafanani na yanayofuata.

Na kama anapenda kuhifadhi mbegu kama ulivyosema, kwenye nyanya za msimu wa pili msimnunulie chotara, zile zilizoandikwa F1, mbegu zake ukipanda tena watoto wanatoka kila mmoja na sura yake. Tafuta Tanya au Tengeru 97, hizo unakamua mbegu, unaosha, unakausha kivulini, unapanda tena na inatoka ile ile.

Mpangaji Sinza:

Sisi tunaokaa ghorofani tumesahaulika? Wangu ana miaka 6 tuna kibaraza tu kinapata jua asubuhi mpaka saa saba hivi.

Bwana Shamba Moro:

Hamjasahaulika mkuu, jua la mpaka saa saba linatosha kwa mboga za majani. Chukua ndoo ya lita 20, isiwe iliyokuwa na dawa au kemikali yoyote, toboa chini. Udongo sehemu mbili, samadi iliyooza vizuri sehemu moja, mchanga sehemu moja. Samadi mbichi usiweke, ya kuku hasa inaunguza mizizi na ina vijidudu vya tumbo, ikae miezi mitatu ndo iguswe na mtoto, na kunawa mikono na sabuni kila akitoka bustanini. Panda vitunguu majani vile vya sokoni vyenye mizizi, kata majani utumie jikoni, vichomeke, wiki ya kwanza tu anaviona vinarudi. Kwa miaka 6 hiyo ndo zawadi yenyewe.

Shangazi wa Kibada:

Jamani sikutegemea uzi ungefika huku, nawashukuru mno. Nimepanga hivi: kijembe na reki kwa fundi Gerezani, kamba ya kipimo nimeshachukua. Keni ya lita 2, gambuti, ndoo ya kukinga mvua, daftari gumu, spinachi, mchicha, kunde, bamia na alizeti zote zisizo na dawa. Matembele nachukua kwa jirani yangu bure. Mnazi mfupi naufuata kitalu. Kaka kaniambia tuta analitoa na kapima mwenyewe. Kimebaki kimoja tu, KUKU. Wale kuku wakiingia hata dakika kumi hakuna kitu kitabaki, na jirani nimeshaongea naye anasema hawezi kuwafungia.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo:

Uzio wa makuti mwanangu, muusuke urefu wa kifua cha mtoto, chini uzamishwe ardhini kiganja kimoja wasipite kwa kuchakura. Na juu ya tuta wiki mbili za mwanzo mlaze matawi makavu ya miba, ndimu au mkunazi, miche ikipanda unayatoa. Atoe mtu mzima.

Bwana Shamba Moro:

Bibi kamaliza. Mi naongeza ratiba tu. Vuli ya Pwani inaanza mwezi wa kumi, kwa hiyo tuta lilimwe mwezi wa tisa na samadi iliyokwisha kuoza iingie mapema ikae wiki mbili tatu, lakini kupanda msimfanyie, muachieni siku yenyewe. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, achanganye kijiko kimoja cha mbegu na ngumi mbili za mchanga mkavu ndo amwage kwenye mistari, hazitarundikana. Afukie kidogo tu, nusu sentimita, zikizama zaidi hazitoki. Spinachi aiweke kina cha sentimita 1 mpaka 2, na asishangae mbegu moja ikitoa miche miwili au mitatu, ile siyo mbegu moja, ni kifuko cha mbegu kadhaa, abakishe mche wenye nguvu. Kunde na bamia sentimita 3, bamia ailoweke usiku mmoja kabla. Mkipata tatizo lolote weka picha hapa, ntakuwepo.